Kitunguu cha porini: shajara ya mradi wetu, Iringa vijijini

Agosti, wiki ya mwisho

Moto umeshapita mlimani. Ulianzia upande wa machungo, ukashuka mpaka kwenye miti ya shule, wanafunzi wakaupiga kwa matawi mabichi hadi ukalala. Aliyeuwasha simpongezi. Ila kwa kazi yetu wakati ndio huu, maana nyasi zikishaungua vitunguu vinabaki wazi juu ya ardhi na unaviona ukiwa mbali.

Kwa anayesoma shajara hii kwa mara ya kwanza: mradi ni wa klabu ya mazingira ya shule yetu ya sekondari pamoja na kikundi cha akina mama wa kijiji, huku upande wa Mto Ruaha Mdogo. Tunaandika matumizi ya tiba ya mimea ya porini yenye vitunguu, tunaiotesha kwa mbegu, na mwisho wa yote daftari litakaa ofisi ya kijiji. Mmea mkuu ni ule ambao wataalamu wanauita Boophone disticha. Bajeti yetu ni viriba, wavu na kaunta buku. Maabara hatuna.

Tumepanda kilima cha mawe na kidato cha tatu. Kitunguu cha kwanza tulichopigia magoti kilizidi shibiri kwa upana, nusu ndani ya udongo, nusu nje. Kimejifunika maganda makavu ya kahawia, tabaka juu ya tabaka, yanayochakarika ukiyagusa. Ya nje kabisa yamebabuka kwa moto, lakini ukifunua mawili matatu unakuta ya ndani hayana hata alama ya moshi. Ndivyo mmea huu unavyovuka kiangazi cha kila mwaka: maganda yanaungua, kitunguu kinabaki kibichi. Jani hakuna hata moja. Utosini tayari bua limeanza kutokeza, nene, rangi ya damu ya mzee.

Kanuni ya kwanza ya mradi imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye jalada: hakuna kung'oa. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni miaka mingi, na kitunguu cha ukubwa ule inawezekana kilikuwepo pale kabla babu zetu hawajazaliwa.

Septemba

Maua yamefunguka. Bua ni fupi, na juu yake yanasimama maua madogo makumi kwa makumi, yote yakitokea mahali pamoja na kuelekea kila upande, pinki iliyokolea hadi kukaribia wekundu. Nyuki wamejaa.

Shida yetu ni kwamba hapa kijijini watu wakisema "kitunguu cha porini" wanaweza kumaanisha mimea mitatu. Upo huu wa kilimani. Upo Scadoxus multiflorus, nao una tufe jekundu, ila unapenda kivuli cha vichaka na kingo za mito, kitunguu chake kimejificha chini, na shina la majani lina madoadoa. Wa tatu ni Crinum wa kwenye mbuga zenye maji, wenye maua makubwa meupe na mstari wa pinki katikati ya kila petali. Yote mitatu ni ya familia moja, Amaryllidaceae, na yote ina sumu, lakini sumu haifanani kwa aina wala kwa kiasi. Mtu akikwambia kitunguu cha porini kinatoa jipu, kabla ya kufungua daftari muulize ni kipi.

Kwa hiyo fomu yetu imepata sharti: jibu haliandikwi mpaka msemaji aoneshe mmea wenyewe ukiwa umesimama ardhini. Picha ya simu haitoshi. Kwenye simu tufe jekundu ni tufe jekundu tu.

Sampuli ya ua tumeilaza kwenye magazeti chini ya mawe. Magazeti yanabadilishwa kila siku kwa sababu bua lina utomvu mwingi na likiachwa linaota ukungu. Kazi hii sasa inafanyika barazani. Maua haya yakifungiwa ndani harufu yake inaumiza kichwa, na wasichana wawili waliokuwa wakipanga magazeti stoo walitoka wameshika vipaji vya nyuso kabla sijawaambia lolote. Majani yakitoka na mvua, sampuli kamili itapelekwa Arusha, kwenye hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, ili jina lithibitishwe na watu wenye kazi hiyo.

Septemba, mwishoni

Tumekwenda kwa bibi wa kitongoji cha juu. Anatibu majipu na vidonda, kazi aliyoachiwa na mama yake. Hataki jina lake liandikwe popote na tumekubaliana.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwalimu. Karibuni, kaeni, kuna togwa."

Mwanafunzi wangu mshika daftari hakuungoja hata mkeka. "Bibi, hiki kinatibu nini?" Mkononi alikuwa na ganda moja alilookota njiani.

"Mjukuu wangu, umenawa mikono?"

Hakuwa amenawa. Hatukupewa togwa wala jibu mpaka sote, pamoja na mimi ambaye sikuwa nimegusa kitu, tuliponawa kwa sabuni na maji mawili. Ndipo akateremsha kikopo kutoka kwenye paa la jikoni. Ndani yake mlikuwa na maganda, ya kahawia tupu. Alichagua moja, akalinyoosha gotini, akalipitisha juu ya makaa bila kuliacha liungue, akalipaka mafuta ya alizeti upande mmoja. Zamani ilikuwa samli, alisema, sasa ng'ombe wako wapi. Ganda likishalainika linalazwa juu ya jipu likiwa na vuguvugu na kufungwa kwa kitambaa. Linakaa usiku mmoja. Asubuhi linatolewa na kuchomwa, halitupwi uani kwa sababu kuna kuku na watoto.

Alivyokuwa akieleza nilimwona mshika daftari anaruka mistari. Safu zake zilikuwa jina, sehemu inayotumika, ugonjwa, namna ya kuandaa. Bibi alikuwa akitaja mambo yasiyo na safu: sehemu nyeupe yenye maji haiguswi kabisa; dawa haiwekwi karibu na jicho, wala kwenye titi la anayenyonyesha, wala kwa mtoto ambaye bado hajaanza kutembea, wala kwenye kidonda kinachovuja damu. Ukimaliza kumfunga mtu, nawa tena. Nikamnong'oneza mwanafunzi aandike pembeni, na pembeni pakajaa.

Kabla hatujaondoka nikauliza kuhusu kunywa, maana tulikuwa tumesikia.

"Hicho siongei," alisema. Kisha akaongea. "Walikuwepo waliokijua kipimo. Wamekufa nacho. Anayekwambia leo anakijua, mwambie anywe yeye kwanza, wewe ukae umtazame mpaka kesho."

Oktoba

Fomu mpya imepigwa. Safu ya pili, kabla hata ya ugonjwa, sasa inaitwa "inadhuru vipi, na nani asitumie". Akina mama wa kikundi wameipenda kuliko mimi nilivyotarajia. Mmoja alisema hilo ndilo analotaka kujua kuhusu dawa yoyote, hata ya duka.

Wachungaji wawili wameijaza kwanza. Wao hawana habari ya majipu. Wanachojua ni kwamba baada ya moto, malisho yakiwa yameisha, ng'ombe mwenye njaa atang'ata chochote kinachochipua, na akikutana na kitunguu hiki anaweza asirudi zizini. Ndiyo maana wakati wa kiangazi kile kilima cha mawe wanakizunguka.

Jumamosi nilishuka mjini Iringa na kupita sokoni kwa wauza dawa. Kwenye sinia moja, kati ya mkuyati na magome, palikuwa na vipande vya kitunguu vilivyokatwa na kukaushwa. Nikauliza vinatibu nini. Presha, kisukari, nguvu za kiume, ndoto mbaya, na ukiwa unadaiwa, mdai anasahau. Nikauliza vimetoka mmea gani. "Wa porini, mzee." Porini wapi? "Mbali." Vinatumikaje? Unachemsha, unakunywa kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kikombe cha ukubwa gani? Akanionesha cha plastiki kilichokuwa karibu, ambacho nadhani kilikuwa cha chai yake.

Vipande vile vinaweza kuwa vya mmea wowote kati ya mitatu yetu, au wa nne. Vikishakatwa na kukauka hakuna jicho linalotofautisha. Sikununua.

Siku iliyofuata nikapita zahanati. Muuguzi wa zamu alinipa dakika tano zenye faida kuliko saa nzima ya intaneti. Aliyekula au kunywa kitu cha porini akaanza kutapika, kuyumba, kuona vitu visivyokuwepo au kusinzia asiamke vizuri, asipewe kingine cha "kukata sumu" nyumbani. Aletwe, tena upesi, na yeyote anayemleta abebe mabaki ya alichokula. Sumu za mimea hii hazina kizima-sumu chake maalumu. Hospitali inamsaidia mtu kupumua, inampa maji kwenye mshipa na kumwangalia mpaka mwili uitoe. Haya tumeyaandika ukurasa wa kwanza, kabla ya mmea wowote.

Oktoba, mwishoni

Wiki ya kusoma. Mvua haijafika, jua linapiga, kilimani hakuna la kufanya zaidi ya kulinda vichwa vya mbegu.

Boophone disticha haujali mipaka yetu. Unaota kuanzia Sudan hadi Afrika Kusini, na huko kusini ndiko ulikoandikwa zaidi. Mwaka 1999, kwenye pango katika milima ya Kouga, jimbo la Eastern Cape, ulipatikana mwili wa mtu aliyezikwa miaka ipatayo 2000 iliyopita ukiwa umekauka bila kuoza. Ulikuwa umefunikwa kwa mmea huu. Waliomzika walikuwa na sababu zao, na sitazibuni hapa. Ila ni wazi kuwa mmea huu ulikuwa mikononi mwa watu kabla hakujawa na mtu wa kuwahoji kwa fomu.

Wasan waliutumia kwenye sumu ya mishale. Kwetu Afrika Mashariki kazi hiyo imezoeleka kufanywa na msunguti, mti wa jamii nyingine kabisa. Wakati huohuo Waxhosa walifunga kidonda cha jando kwa maganda makavu ya kitunguu hikihiki. Niliposoma hapo nilimpigia simu mwanakikundi anayeishi jirani na bibi, akamweleza. Bibi akajibu kuwa bila shaka, kidonda ni kidonda. Kusini pia wapo waganga walioutumia ili kuona yasiyoonekana, kwenye uaguzi na kwenye jando, na ziko taarifa za watu waliokufa kwa kuzidisha.

Kemia inaeleza sehemu ya habari. Kitunguu kina alkaloidi nyingi, yaani kemikali za mimea zenye nguvu mwilini, miongoni mwao bufandrini, bufanidrini na bufanamini. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark na Afrika Kusini walionesha kuwa mbili za mwisho zinajishika kwenye kisafirishi cha serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, mahali palepale ambapo baadhi ya dawa za sonona hufanya kazi. Mtu anayesema kitunguu hiki kinagusa akili hakudanganyi. Kinaigusa. Kinachotenganisha kutulia, kuona mazimwi na kufa ni kiasi tu, na kiasi cha alkaloidi ndani ya kitunguu kimoja si lazima kilingane na cha jirani yake. Ndiyo maana sikubaliani na hoja ninayoisikia mara kwa mara, kwamba kitu cha asili hakina madhara. Mishale ile ilikuwa ya asili.

Na upande wa pili usisahaulike. Familia hiihii ndiyo iliyotoa galantamini, dawa iliyopatikana kwenye kijitunguu cha Ulaya kiitwacho Galanthus, ambayo mwaka 2001 iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kabla ya kufika kwenye kidonge chenye miligramu zinazojulikana ilipita miongo ya kazi. Mwanafunzi mmoja ameuliza kwa nini na sisi tusipeleke kitunguu chetu Muhimbili, ambako chuo kikuu kina Taasisi ya Tiba Asili. Nimemjibu kuwa daftari linaloeleza mmea gani, sehemu gani, nani alisema na unadhuru vipi ndiyo barua ya kwanza ya kuwapelekea. Bila hayo tutakuwa tumepeleka uvumi.

Novemba

Mbegu! Maua yalishanyauka, lakini vijiti vyake vimerefuka na kukakamaa kila upande hadi kichwa kizima kimekuwa tufe kavu lenye upana wa mkono. Upepo wa mchana unalikata kwenye bua na kulibingirisha mteremkoni, mbegu zikidondoka njiani. Tumeona moja likivuka barabara mbele ya bodaboda, dereva akafunga breki akidhani ni mnyama.

Tumeokota mbegu chini na kwenye vichwa vilivyonaswa na mawe, tukaacha nyingi palepale. Ni nene, zina maji, na hazisubiri. Hizi si za kuweka kwenye bahasha hadi mwakani. Baadhi zilikuwa zimeanza kutoa mzizi zikiwa bado hazijagusa udongo. Siku hiyohiyo zikaingia kwenye viriba: mchanga wa mto sehemu mbili, udongo wa juu sehemu moja, mbolea ya samadi hapana. Mbegu inalazwa juu na kufunikwa nusu. Mama mmoja alitaka kuzimwagilia kila jioni kama mchicha, tukaafikiana mara moja kwa wiki mpaka mvua ije.

Kila aliyeshika mbegu amenawa. Mshika daftari sasa ndiye mkali wa sabuni.

Desemba

Mvua imeshuka vizuri. Kilimani majani yametoka, ya kijani yenye ubuluu, kingo zake zikijikunja mawimbimawimbi, yamepangana upande huu na upande huu kama karata zilizofunguliwa mkononi mwa mchezaji. Ukiona majani hayo huwezi tena kuuchanganya na ule wa kivulini. Sampuli ya jani imekaushwa, bahasha ya Arusha imefungwa.

Wiki hii amekuja mtu na pikipiki kutoka mjini akiulizia vitunguu vikubwa, anunue kwa kilo. Alizunguka kwa vijana, bei nzuri. Mtendaji wa kijiji akaitisha kikao.

Kikao kilikuwa kirefu na sehemu kubwa ilihusu mambo ya maji. Kilipofika kwenye vitunguu, mama mmoja aliyeolewa kutoka Makete alisimama na kueleza ya kwao. Viazi vya okidi za porini vinachimbwa, vinapitishwa mpakani kwenda Zambia, kule vinasagwa pamoja na karanga na kupikwa chikanda. Zamani ulikuwa unavipata nyuma ya nyumba; kisha wachimbaji wakawa wanapanda hadi Kitulo, ambako tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, hifadhi iliyotangazwa kwa ajili ya maua hasa. Okidi walau inaliwa, alisema. Hiki chenu anayekinunua kwa kilo anakwenda kumlisha nani?

Mzee mwingine akakumbusha Loliondo mwaka 2011, malori na mabasi yakikesha foleni Samunge kwa ajili ya kikombe cha shilingi 500. Hoja yake haikuwa kumlaumu mtu. Alitaka tujue kuwa neno "dawa" likishaingia kwenye simu za watu halirudishwi, na kwamba kilima chetu ni kidogo.

Kijana mmoja alipinga, na alikuwa na haki ya kusikilizwa: mvua ilichelewa, mahindi ya akiba yamekwisha, na kitunguu hakina mwenyewe. Kikao hakikumjibu vizuri. Kilichopita ni kwamba hakuna kuchimba kwenye ardhi ya kijiji bila kibali cha serikali ya kijiji, na kwamba miche ya mradi ikikomaa kikundi kinaweza kuuza maganda makavu kwa waganga waliosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kama Sheria ya mwaka 2002 inavyotaka. Kwa ukuaji wa mmea huu hiyo ni ahadi ya miaka mingi, na kijana aliliona hilo haraka kuliko wote. Tumemwomba asimamie kitalu kwa posho ndogo kutoka kwenye mfuko wa kikundi. Amesema atafikiria.

Februari

Kijana amekubali.

Viriba vingi vina mche, jani moja au mawili membamba, na chini yake kijitunguu cha ukubwa wa punje ya harage. Vilivyooza ni vile vya upande wa paa, vilivyopokea maji ya mchirizi, tumevihamisha. Mbuzi wa jirani aliingia akala majani ya juu ya viriba kadhaa. Mbuzi ni mzima, amechungwa siku mbili kwa wasiwasi mkubwa, na mwenye mbuzi amechangia wavu.

Daftari: kurasa za mmea wa kilimani zimekamilika na zimesomwa kwa sauti mbele ya bibi, mstari kwa mstari. Ameondoa sentensi moja iliyosema dawa "inaponya" jipu. Inaliivisha, amesema, kupona ni kwa mwenye mwili. Ameongeza kuwa jipu likiwa usoni au mtu akiwa na homa, yeye hagusi, anampeleka zahanati. Imeandikwa. Kuhusu kunywa, ukurasa una jibu lake la kwanza tu, "hicho siongei," na chini yake namba ya simu ya zahanati.

Mjukuu wake wa kike, yuko darasa la sita, ameomba kuwa anakuja Jumamosi kujifunza kuchagua maganda. Bibi amempa kazi ya sabuni kwanza.

Kinachofuata: kurasa za Scadoxus, ambazo hadi sasa zina wasemaji wawili wanaopingana, nakala ya pili ya daftari kwa ajili ya zahanati, na wavu upande wa kaskazini wa kitalu, kabla yule mbuzi hajazoea.